Barua kwa mwanangu: kuhusu hilo jina unaloniuliza

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako niliupata jana usiku nikausoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mama yako kwa sauti maana miwani yake imekatika mguu. Umeuliza hivi: baba, hii biashara ya asali nitumie jina langu la ukoo au nibuni jina la kuvutia, na nifanyeje hawa maelfu wanaonifuata Instagram wawe watu wangu kweli, wasiwe wapita njia. Nimeelewa. Mambo ya rangi ya lebo na chupa gani muulize mdogo wako, mi siyajui, ila habari ya kujulikana jina naijua mpaka pale inapouma, kwa hiyo kaa vizuri maana hii sio fupi.

Zile kadi mlizokuwa mnachezea duka mkiwa wadogo, mnazifanya ndo noti, mlizozitoa kwenye sanduku la bati la bibi yenu, zilikuwa kadi zangu za salamu za redioni. Hamkuwahi kuuliza, na mi sikusema.

Enzi hizo, nazungumzia 1987, 88, huku bara redio ya nchi ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio One na wenzake walikuja 1994 kwenda mbele. Kwa hiyo ukisomwa RTD umesomwa nchi nzima, mwenye duka kasikia, mwenye ng'ombe porini kasikia. Kadi yenyewe ilikuwa karatasi ngumu imepigwa mistari, juu jina lako na anuani, katikati majina ya unaowasalimu, chini ujumbe. Unajaza, unabandika stempu, unatumbukiza posta, inapanda treni hadi Dar, inafika studio za RTD Barabara ya Pugu, hii mnayoiita Nyerere Road, afu unasubiri wiki tatu, mwezi, huku betri umezianika juani ili ziongeze nguvu kidogo zisije zikafa siku yako ikifika. Na mtangazaji anasoma mbio mbio, kadi ziko rundo, kila mtu nchi hii anataka jina lake lipite hewani.

Sasa jina la ukoo wetu unalijua lilivyo. Lilisomwa mara mbili, mara zote mbili likakosewa, mara ya pili hata mimi mwenyewe sikujua ni mimi mpaka nilipomsikia babu yako ametajwa. Ndo nikabuni. Babu yako alikuwa mtu wa reli, nimezaliwa kota za reli hapa Tabora, nikajiita Mtoto wa Stesheni. Jina fupi, haliumi ulimi, mtangazaji akilifikia analitamka kama analipenda. Na chini ya kila kadi nikaandika ujumbe uleule bila kubadilisha, salamu ni nusu ya kuonana. Wahenga walisema barua, mi nikaweka salamu. Hata kabla hajataja jina, akianza tu na ule ujumbe watu walishajua ni nani.

Kwa hiyo ukiniuliza jina la kubuni linafanya kazi, linafanya, ushahidi wake yuko hapa pembeni yangu ananiambia nisisahau kuandika. Mama yako alinijua kwa redio akiwa Itigi kwa shangazi yake, alisikia Mtoto wa Stesheni akasema huyu mtu anasalimia watu wengi hivi lazima ana moyo mzuri. Akatuma kadi. Nikamjibu. Mengine unayajua. Kwa hiyo sitakaa hapa kulisema vibaya lile jina wakati nyie watatu mmetoka humo.

Ila tulikuwa na klabu ya watuma salamu pia, na hapo ndo penye swali lako la pili. Tulianza watu wanne, Jumapili chini ya mwembe pale Isevya, tukawa kumi na tisa, na wengine wa vituo vya njiani, Bukene, Urambo, Kaliua, Itigi, hao tulijuana kwa redio tu. Tulikuwa na daftari la majina na mchango mdogo wa kadi na stempu. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua hakujua kuandika, akija Jumapili anakaa kwenye ndoo anatutajia majina ya kuandika, hakuwahi kumsahau hata mmoja, na kila jina anakwambia, huyu mtoto wake alikuwa na surua muulizeni kapona, huyu amehamia kwa kaka yake. Sisi tulijua majina, yeye alijua watu. Na kwa muda mrefu nilidhani klabu ni yangu kwa sababu kila kadi iliyosomwa mimi nilikuwemo. Siku niliyoona kweli imekuwa klabu ni siku mtu wa Bukene alipomsalimu mtu wa Itigi, akampa pole ya msiba, na mimi simo kwenye kadi hiyo, sio mtumaji sio msalimiwa. Nakiri iliniuma kidogo. Afu usiku nikalala nikafikiria nikaona haa, sasa hii kitu inatembea kwa miguu yake.

Wateja wako wanajuana? Au kila mmoja anakujua wewe tu? Sijui, nauliza.

Haya, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku na mwenye mizinga porini, unajua nitakayemtaja. Yeye kwenye redio alikuwa anatumia jina lake alilopewa na baba yake, hakubuni chochote. Kila kadi yake mimi ndo nilikuwa wa kwanza, kabla hata ya wanae. Hatukuwahi kuonana. Na mi nilikuwa namweka wa saba, wa nane, nafasi ikiwepo, kwa sababu wa juu nilikuwa nawaweka wale wanaosomwa sana ili nao wanisome. Hicho ndo nilikuwa nafanya mwanangu, nakwambia usikie.

Mwaka 1989 mke wake akaumwa, wakapewa barua ya kuja hospitali ya mkoa, Kitete. Wakapanda treni, wakashuka hapa usiku wa manane, mke hawezi kusimama, na mzee amebeba dumu la asali amelifunga mdomo kwa gunzi na nailoni, hiyo asali ni yangu. Akaenda kwa wapagazi akauliza, namtafuta Mtoto wa Stesheni. Mmoja akamwambia mzee, hapa watoto wa stesheni ni wengi, unamtaka yupi. Akasema yule wa redioni. Wakamwambia aah, huyo si yuko Dar.

Si yuko Dar! Na mi nilikuwa nimelala kota, ukitoka kwenye lile jengo la stesheni unavuka reli mbili tu umefika, wale wapagazi nawajua wote na wananijua, ila wananijua kwa jina la ukoo, jina la redioni hawajui la nani, wanadhani kila anayesikika kutoka Dar anaishi Dar. Mzee akatandika kanga ya mkewe pale nje wakalala, na kesho yake, na keshokutwa, kitanda hospitali kikawa hakijapatikana, akauza nusu ya ile asali kwa kikombe akanunua uji. Siku ya tatu ndo mkewe akalazwa.

Nilijuaje? Hapo ndo ninapopata shida kuandika. Mwezi ulipita. Jumapili tuko chini ya mwembe, redio iko juu ya kiti, kadi yake ikasomwa. Mtangazaji akasema, anamsalimu kwanza Mtoto wa Stesheni wa Tabora, anasema alifika Tabora hakumwona, Mungu akipenda safari nyingine. Watu wakapiga makofi kwa sababu nimetajwa, na mimi nikapiga makofi. Nilipiga makofi mwanangu. Yule mama wa vitumbua peke yake hakupiga, akanigeukia akasema, amefika lini huyu baba, alilala wapi?

Salamu ni nusu ya kuonana, nimeandika hivyo kadi mia na zaidi, afu mtu kaja na mgonjwa wake kufuata ile nusu nyingine hakuikuta.

Nilipanda treni wiki hiyohiyo kwenda Urambo. Nilimkuta anafunga majani ya tumbaku, mkewe amerudi anatembea kwa fimbo. Mzee hakunilaumu hata kidogo, ndo alinisimulia yote haya ya gunzi na uji huku anacheka, na kucheka kwake kuliniumiza kuliko angenitukana. Afu akaniuliza, na lile jina alilokupa mama yako ni lipi? Nikamwambia. Akaleta daftari lake, pale alipoandika Mtoto wa Stesheni akaandika pembeni jina langu na la babu yako na namba ya kota, taratibu, herufi moja moja, akanionyesha nihakikishe hajakosea. Hakukosea. Watangazaji wote walikosea yeye hakukosea.

Tangu hapo kadi zangu nikawa naandika yote mawili, na kota, na kwamba mgeni aulize kwa nani. Mtangazaji anaruka anuani, sawa, lakini wale wa klabu waliijua. Ndo maana mmekulia kwenye nyumba isiyokosa mgeni kwenye mkeka, na mlikuwa mnalalamika.

Sasa usije ukasema baba kasema jina la kubuni baya. Sijasema. Lile jina lilinipa mama yako. Ila jina la ukoo ndo lililonipa mzee wa Urambo, na hao wajukuu zake ndo wanaokuletea asali unayouza leo, kwa bei unayoijua na bila kuandikishana. Nikipima naona... hapana. Nilishaanza kukwambia la kufanya nikalifuta. Mama yako ananiangalia, anasema biashara ni yake mwache. Ningekuwa naamua mimi ningeshasema, we unanijua.

Ila hili moja sio la jina, hili naomba unisikie. Nilimwona yule mteja aliyeandika kwamba asali yako imeganda chini basi umeweka sukari. Ulimjibu vizuri, kwamba asali safi ya nyuki wakubwa inaganda ikipata baridi, aiweke kwenye maji ya uvuguvugu asichemshe, yote kweli. Lakini ulimjibu kama tangazo, hata jina lake hukulitaja, na aliliandika. Umuite kwa jina. Umuulize anaitumia kwa nini, kwa mtoto, kwa kifua, kwa chai. Na pale kuna mama mwingine alikuwa keshaanza kumweleza vizuri tu kwamba hata yake iliganda na ni nzuri, we ukaingia juu yake ukammaliza. Mwache amweleze. Huyo ndo wangu wa Bukene na wa Itigi. Na weka mahali ulipo, sio ramani ya simu tu, andika mtu akishuka Mbagala Rangi Tatu aulize kwa nani, na huyo nani awe anakujua kwa jina hilohilo uliloliandika, lolote utakalochagua.

Madumu sita yanakuja na basi la kesho alfajiri. Matano ya biashara, la sita limefungwa gunzi, hilo usiuze ni lako na watoto, ni la nyuki wadogo, lina uchachu kidogo kama unavyopenda. Kijana kaja nalo leo mchana kutoka Urambo, sura ya babu yake kabisa, yuko hapa ukumbini na kalamu ya wino mzito anataka kuandika mpokeaji juu ya madumu, ananiuliza baba, dada wa Dar tumwandike nani. Nimemwambia kwanza aandike namba ya simu.