Jibu: Vitz cc 990 kutetemeka, mlima wa Bugando na oili

Mkuu, hongera kwa Vitz. Umeuliza kwa nini inatetemeka, kwa nini inaishiwa nguvu mlima wa Bugando hapa Mwanza, na uweke oili gani. Kutetemeka kidogo ukisimama kwenye D (gia ya kwenda mbele) kusikupe presha: injini ya 1KR ina silinda 3, ndiyo asili yake. Ikizidi hadi dashibodi inalia, fundi aanze na mauntingi za injini (raba zinazoishikilia) kabla hajakuuzia plagi.

Kuishiwa nguvu mlima wa Bugando, zima AC kabla hujaanza kupanda, kompresa inakula nguvu ya injini. Kushuka usiweke N (gia huru) hata siku moja! Shusha gia, injini ikusaidie kushika gari, breki zisichemke.

Oili ya injini weka 5W-30. Stiki ya kupimia oili isome gari likiwa tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Ukipima kwenye miinuko yetu hii itakudanganya.

Ambacho hukuuliza, na ndicho kinachoniumiza kuona: oili ya giaboksi. Kama yako ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), inataka oili ya CVT tu. Fundi akikuambia ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki nyingine) ni ileile, ondoka hapo, giaboksi itakufa. Na kwenye rejeta weka kulanti (kimiminika cha kupoza injini), siyo maji ya ziwa.

Upepo wa matairi umeandikwa kwenye stika, mlango wa dereva.