Kitabu cha kanuni ni cha nani mezani?

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza kama kitabu cha kanuni kilichochapishwa bado kina thamani kwa mtu anayepaka rangi visanamu na kucheza michezo ya vita ya mezani, ilhali kanuni zote siku hizi zinapatikana kwenye simu. Swali hilo limenichoma, kwa sababu limeulizwa kana kwamba kitabu na simu vinafanya kazi ileile na kilichobaki ni kupima kipi ni rahisi kubeba. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, na mchezo huu nimeucheza kwa miaka mingi Kirumba, pamoja na watu ambao hawajawahi kukanyaga duka linalouza visanamu. Kwetu ubishi haujawahi kuwa kati ya karatasi na kioo cha simu. Kinachotusumbua ni nani mwenye haki ya kusema kanuni ni ipi pale watu wawili wanapotofautiana, na naomba nianze kwa kujibu hilo.

Michezo hii ina asili ya kijeshi. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vilivyowakilisha vikosi, na kati ya wachezaji aliketi mwamuzi mwenye majedwali ya kukokotolea hasara. Baadaye maofisa walichoshwa na wingi wa majedwali hayo, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, alipendekeza yawekwe kando ili mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Jeshini jambo hilo linawezekana, maana mwamuzi ana cheo. Mtaani kwetu, mkiondoa kitabu mkabaki na uzoefu, atakayeamua ni mwenye umri mkubwa au mwenye nyumba, na mdogo atanyamaza kwa heshima hata kama anajua kwamba ameonewa. Ndiyo maana namheshimu sana mwandishi wa riwaya wa Uingereza, H. G. Wells, ambaye mwaka 1913 alichapisha Little Wars, kanuni za vita vya askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi iliyorusha risasi za mbao. Kwa kuziandika na kuzichapisha, aliwawezesha watu wasiojuana kabisa kukubaliana kabla ya zamu ya kwanza kuanza.

Kitabu chetu ni cha toleo la tano la Warhammer 40,000, mchezo wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, na kilitoka mwaka 2008. Kililetwa na shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza, pamoja na boksi la visanamu vya plastiki ambavyo vipande vyake vilikuwa bado kwenye fremu vinamokatwa kabla ya kuunganishwa. Jalada limevimba kwa unyevu wa ziwa na mchwa wamekula pembe za kurasa za mwanzo, lakini picha za rangi ziko salama. Hatua za upakaji tulijifunza kwenye video: kusugua mistari ya kalibu, kupuliza praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, kupaka rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji katika makoti membamba, kumwaga rangi nyepesi mikunjoni, kisha kung’arisha kingo kwa brashi kavu. Ila rangi zenyewe tulizipata kitabuni. Picha moja ukiitazama kwenye simu tatu utaona bluu tatu, na kila mmoja ataapa kwamba ya kwake ndiyo sahihi. Ukurasa ukiutoa nje juani na kukiweka kisanamu juu yake, ubishi wa bluu unaisha hapohapo.

Sasa nieleze kilichotokea Jumapili moja baada ya ibada, kwa sababu bila kisa hicho jibu langu halitaeleweka.

Kuna fundi simu wa Makoroboi ambaye ni mchezaji mwenzetu wa siku nyingi. Mkono wake umezoea vitu vidogo, na hupaka rangi akiwa amevaa kichwani lenzi ileile anayoitumia kulehemu sakiti. Alikuwa amemaliza kamanda wake mpya, na juu ya kamanda huyo alikuwa ameweka bendera ambayo haikutoka kwenye fremu. Mlingoti aliutengeneza kwa waya wa mwavuli, ukapanda karibu mara mbili ya urefu wa kisanamu, na kitambaa cha bendera alikikata kwenye bati la kopo la soda, akakikunja taratibu kwa kibano mpaka kikaonekana kupepea. Juu ya bati hilo alichora furukombe akiwa amekunjua mabawa juu ya maji. Kichwa na kifua cha furukombe ni cheupe, na yeyote aliyewahi kupaka rangi nyeupe juu ya bluu anajua kwamba haishiki. Fundi alianza na kijivu, kikakauka, akafuata na nyeupe iliyozimuliwa, koti juu ya koti, kwa brashi ya kuchorea kucha aliyoinunua kwenye duka la vipodozi kwa kuwa brashi za stationeri hupoteza ncha baada ya muda mfupi. Mdomo wa njano aliuweka mwisho kabisa. Vanishi aliahirisha mpaka jua la mchana lilipokaza, maana huku ziwani ukipuliza vanishi asubuhi ya masika, unyevu huacha utando mweupe unaofifisha kazi yote.

Meza yetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda, na milima yake ni kokoto za mawe yetu haya haya, zilizobandikwa moja juu ya nyingine kwa gundi mpaka zinafanana na miamba inayoonekana kutoka kivuko cha Kamanga. Siku hiyo fundi alikuwa anacheza na kijana anayesoma chuo Nyegezi, ambaye tulikuwa tumemkaribisha karibuni. Kijana huyu aliujua mchezo vizuri. Alikuwa amejifunza kupitia kanuni za msingi za toleo la kumi, ambazo kampuni ilizitoa bure kwa njia ya kidijitali mwaka 2023, na alikuwa amezisoma zote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kabla ya kuanza tulimweleza kwamba sisi tunacheza toleo la tano, naye akakubali.

Katika zamu ya mwisho fundi alimsogeza kamanda wake akamficha nyuma ya jiwe kubwa lililo katikati ya meza. Mwili wote ulizama nyuma ya jiwe, kikabaki kipande cha bendera kimechomoza juu, furukombe na nusu ya maji yake. Upande wa pili kijana alikuwa na kikosi chenye bunduki nzito. Akainama mpaka jicho lake likawa sawa na kichwa cha mpigaji wake, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda.

“Namwona,” alisema.

“Unaona bendera, mdogo wangu,” fundi alimjibu kwa upole.

Kijana akafungua simu na kutusomea: kama sehemu yoyote ya kisanamu inaonekana, kisanamu hicho kinaonekana. Alikuwa sahihi, maana ndivyo toleo la kumi linavyosema. Mimi nikafungua kitabu. Toleo la tano linataka uone mwili wenyewe, yaani kichwa, kiwiliwili, mikono au miguu, na linasema wazi kwamba kuona silaha, antena, bendera au pambo jingine hakutoshi. Kisha linaongeza sababu, na hapo ndipo nilipomkabidhi kijana kitabu asome kwa macho yake. Sababu ni kwamba mchezaji hapaswi kuadhibiwa kwa kuwa amekipa kisanamu chake bendera ya kifahari au silaha ya kuvutia.

Kijana aliusoma mstari huo akaurudia, kisha akaigeukia ile bendera na kuitazama kwa karibu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze. Akasema, “Kumbe wameeleza na sababu.” Hakubisha tena. Alielekeza bunduki kwenye shabaha nyingine, dadu zikamkatalia, na kamanda akasalimika.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo nilikitumia kisa hiki kama ushahidi wangu mkuu. Niliwaambia wenzangu kwamba simu hutoa amri, ilhali kitabu kinatunza na sababu ya amri. Kanuni ile iliandikwa na mtu aliyejua kwamba nyuma ya kila kisanamu kuna mtu aliyekaa usiku akipaka rangi, na ilipofika mwaka 2017 toleo la nane likaja na lugha fupi zaidi: sehemu yoyote ikionekana, umeonekana. Anayejifunza leo kwenye simu hatajua kwamba bendera iliwahi kulindwa. Toleo la nane lilitoka 2017, la tisa 2020, la kumi 2023, na kila linapotoka jipya, la zamani linaondoka mtandaoni kwa kampuni bila kuaga. Kitabu changu hakiwezi kubadilishwa na mtu aliye Nottingham usiku nikiwa nimelala. Hayo yote nayaamini mpaka sasa ninapoandika.

Lakini kuna sehemu ya kisa ambayo sikuwa naisimulia. Tulipokuwa tunakusanya visanamu, kijana aliniuliza kitabu kile kinauzwa wapi. Nilimweleza kwamba hakichapishwi tena, nikamkaribisha aje kukisoma nyumbani kwangu wakati wowote. Akanijibu kwa adabu zote: “Asante, mwalimu. Ila itabidi kila mara nije kusoma sheria nyumbani kwa mpinzani wangu.”

Nimeandika aya za juu nikitetea kitabu kwamba kinamlinda mdogo dhidi ya mkubwa. Sasa nikiitazama meza ile kama ilivyokuwa, mwenye kitabu nilikuwa mimi, mwenye nyumba mimi, mkubwa kwa umri mimi, na aliyekuja na kanuni alizozipata bure na kuzisoma zote kwa bidii ndiye aliyeambiwa kwamba alichosoma si chenyewe. Hakuonewa, kwa sababu alikubali toleo la tano kabla ya kuanza, na mstari aliusoma mwenyewe. Hata hivyo alikubali jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Kitabu kimoja kwa watu sita kinamrudisha yule mwamuzi wa Prussia mlangoni, safari hii akiwa na karatasi mkononi.

Hivyo nalazimika kusema kwamba thamani niliyokuwa naitetea haikuwa ya jalada gumu wala ya wino wa Uingereza. Ilikuwa ni kuwa na andiko moja lisilobadilika, ambalo kila aliye mezani anaweza kulishika. Andiko la namna hiyo linapatikana leo stationeri yoyote iliyo karibu na chuo. Unapeleka zile kanuni za bure kwenye flashi, zinachapwa nyeusi na nyeupe, zinafungwa kwa spairo, na gharama yake huwezi hata kuilinganisha na kitabu kipya kinachosafirishwa kutoka ng’ambo. Zichapwe nakala za kutosha kila mchezaji, tarehe iandikwe juu, na kikundi kikubaliane kwamba hizo ndizo kanuni zetu mpaka tutakapoamua wenyewe kuzibadilisha. Wasiotaka ukubwa wa mchezo huu wanaweza kutazama watunzi wa michezo wanaoitwa OnePageRules, ambao wameandika kanuni fupi za msingi na wanazitoa bure, nazo zinakubali visanamu vyovyote ulivyonavyo.

Jibu langu kwa swali lenu, basi, linaangukia upande ambao sikuutarajia nilipoanza kuandika. Mtu wa Mwanza anayeanza leo, mwenye fedha ya kitu kimoja, asinunue kitabu kipya cha kanuni. Anunue praima nzuri, rangi nyeupe, nyeusi na tatu za msingi, brashi mbili zenye ncha, na kanuni azichape. Tena vitabu vya majeshi vya siku hizi, vinavyoeleza vikosi vya kila jeshi la mchezo, vina tatizo lao, kwa sababu pointi za vikosi, yaani thamani ya kila kikosi mezani, hurekebishwa mtandaoni mara kwa mara, na takwimu zilizochapwa zinaweza kupitwa na wakati kabla kifurushi hakijafika posta.

Nina masharti mawili. La kwanza, aliye peke yake, asiye na fundi wala mwalimu wa kumwonyesha, atafute kitabu cha zamani chenye picha nyingi za rangi, hata kama kanuni zake hazichezwi tena, kwa kuwa jicho linahitaji mfano usiobadilika na mwanga wa simu. La pili linawahusu wenye vitabu tayari: wasivitupe, wala wasivifungie kabatini. Mimi nimekihamishia kitabu changu kwenye kibanda cha fundi Makoroboi, mahali ambapo yeyote kati yetu anaweza kukipitia bila kubisha hodi kwa mpinzani wake. Kanuni ya bendera tumeinakili kwa mkono kwenye nakala zetu zote za spairo, pamoja na sababu yake, na aliyependekeza tufanye hivyo ni yule kijana wa Nyegezi.