Jibu: Jina la Mpolandi wa Vilnius kuandikwa kwa V
Salaam ndugu. Unasema mwenzako Mpolandi wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, anajiita Waldemar ila kitambulisho kinasema Valdemar, ukahofia ni cha kughushi. Angalia kwanza tarehe ya kutolewa. Hadi Mei 2022, Wapolandi raia wa Lithuania waliandikwa kwa tahajia ya Kilithuania, isiyo na w. Sasa w, q na x zinaruhusiwa, lakini lazima mwenyewe aombe. Herufi ł na ń bado zimekataliwa. Michał anabaki Michal! Nilipokuwa nasoma kule nilikaa na Mpolandi wa Šalčininkai, mji wa Lithuania wenye Wapolandi wengi. Yeye hasira zake hazikuwa kwenye jina bali kwenye mtihani wa Kilithuania wa kumaliza sekondari, ambao tangu 2013 ni mmoja kwa wote, hata kwa shule zinazofundisha kwa Kipolandi.