Panjakent, Mji wa Mwaga Dhahabu

Wiki hii mmetuuliza: ni mji gani mdogo wa ugenini ungependa kuuona tena? Wangu ni Panjakent, Tajikistan, kando ya mto Zarafshan.

Nimezaliwa Pangani, kwa hiyo mji wenye mto nimeujua tangu utoto. Ila Zarafshan haujui maji kupwa wala kujaa. Unatoka kwenye barafu ya milimani, baridi na wenye kasi, na jina lake maana yake ni mwaga dhahabu. Nilifika nikitokea Samarkand, Uzbekistan, kama kilomita 60, kwa teksi ya kuchangia. Mpaka ule ulifungwa kuanzia 2010 hadi 2018, na dereva wetu, tuliyemwita "aka", yaani kaka, alisimulia jinsi ndugu wa pande mbili walivyokosa hata kuzikana.

Sokoni nilikula mkate wa tanuri, mishmishi, na pilau ambayo wao huiita osh. Salamu yao ni ileile yetu: asalam aleikum.

Lakini moyo wangu ulibaki mlimani, juu ya mji, kwenye magofu ya Wasogdi, wale wafanyabiashara wa Asia ya Kati wa Barabara ya Hariri, njia ya kale ya biashara iliyotoka China. Kwa macho ni vichuguu vya udongo tu. Wachimbaji, walioanza kazi miaka ya 1940, waligundua kwamba takriban nyumba moja kati ya tatu ilikuwa na michoro ukutani. Si ikulu wala hekalu pekee: nyumba za watu! Walichora mashujaa, karamu, bata bukini anayetaga mayai ya dhahabu, na visa vya Panchatantra, mkusanyo wa hadithi za kale za India, ukoo uleule uliotuletea sisi habari za kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Michoro mingi imehamishiwa St. Petersburg na Dushanbe, na hilo liliniuma. Picha ya nyumbani ilistahili kubaki nyumbani.

Mtawala wa mwisho wa Panjakent ya Wasogdi, Devashtich, alikimbilia ngome ya Mlima Mugh, mbali zaidi juu ya mto. Jeshi la Waarabu likamkamata mwaka 722, akauawa. Nyaraka zake zilibaki huko hadi mchungaji mmoja alipokuta maandishi mwaka 1932. Miongoni mwake umo mkataba wa ndoa wa mwaka 710. Mke, aliyeitwa Chat, akiona hawezi tena kukaa na mumewe, aliruhusiwa kuondoka na kilicho chake, bila kudaiwa fidia nyingine. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi yangu, aliyekaa miaka mingi kwenye ndoa asiyoitaka kwa kuwa hakuwa na karatasi kama ile.

Siku ya mwisho nilipelekwa Sarazm, kilomita 15 hivi magharibi, makazi ya zaidi ya miaka 5,000 yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2010. Huko lilifukuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa na shanga nyingi na bangili za kombe. Kombe, katika nchi isiyo na pwani! Mwenyeji wetu akaeleza kuwa zilisafiri kutoka Bahari ya Hindi, kisha akanigeukia na kunitazama, maana asubuhi nilikuwa nimemwambia kwetu ni wapi.