Maswali ya Wasomaji: Gari la Spoti Lililoundwa Nyumbani, Kadi ya Corolla

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na shughuli zangu za kila siku nazifanya kwa pikapu. Kwa muda mrefu nimetamani gari dogo la spoti la kuendesha Jumamosi na Jumapili tu, na sasa nimepata moja linalouzwa Iringa. Ni la aina ya Seven, lina viti viwili, halina milango wala paa la bati. Mwenyewe anasema fremu na bodi viliagizwa Afrika Kusini vikiwa vipande, kisha fundi mmoja akaviunga hapa nchini na kufunga injini ya Toyota 4A-GE. Bei anayotaja ni shilingi milioni 16. Gari linawaka vizuri na rangi inang'aa, ila kadi yake imeandikwa Toyota Corolla ya mwaka 1986, na nikiuliza naambiwa ndiyo kawaida ya magari ya namna hii. Nikague nini, na je, gari kama hili linafaa kwa barabara zetu za milimani?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu yetu wa Uyole, jambo ulilolitaja kwa kupita tu ndilo linalotutia wasiwasi kuliko injini, breki na bei kwa pamoja. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, haiandiki jina la gari peke yake. Inaonyesha pia namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, idadi ya watu wanaobebwa, ujazo wa injini na uzito wa gari likiwa tupu. Corolla ya miaka ile ni gari la watu watano lenye uzito wa kilo mia tisa na ushei, ilhali Seven hubeba watu wawili na mara nyingi haifiki kilo 600. Askari wa usalama barabarani atakayekusimamisha Mlima Nyoka hahitaji utaalamu wowote wa magari ya spoti ili aone kwamba kilichoandikwa na kilichosimama mbele yake havifanani.

Kilichotokea si kigumu kukisia. Aliyeliunda alipata Corolla iliyopata ajali au iliyochakaa, akatoa injini, gia boksi, difu na vingine alivyovihitaji, kisha akaona ni nafuu kutumia na kadi yake kuliko kusajili gari jipya. Tatizo ni kwamba Corolla haina fremu ya peke yake: namba yake ya chasisi imegongwa kwenye bati la bodi, lile linalotenganisha injini na abiria, na bodi hiyo sasa haipo. Kwa hiyo utakapokwenda Iringa, jambo la kwanza ni kuinua boneti na kuitafuta namba hiyo. Huenda ukakuta kipande cha bati la Corolla kimekatwa na kupigiliwa ripiti kwenye fremu, au namba imegongwa upya kwa patasi za namba juu ya bomba la fremu, au hakuna namba kabisa. Katika hali zote tatu unatazama gari ambalo utambulisho wake umeazimwa kwa gari lingine, hata kama muuzaji ni mtu mwema na hakuwa na nia mbaya.

Athari zake haziishii barabarani. Bima utakayokata itakuwa ya Corolla, na siku utakapodai fidia, kampuni itakuwa na sababu nzuri ya kukataa kwa kuwa gari lililopata ajali silo lililoandikwa kwenye hati. Ukitaka kuliuza baadaye, mnunuzi atakuuliza swali hili hili unalotuuliza sisi.

Ushauri wetu ni kwamba marekebisho ya kadi ayafanye muuzaji, kwa sababu yeye ndiye mmiliki anayetambulika kwenye usajili, na ayafanye kabla hujamkabidhi hata shilingi ya advansi. Nendeni pamoja ofisi ya TRA ya Iringa na kwa mkaguzi wa magari wa Polisi, mkiwa na gari lenyewe, nyaraka za forodha za fremu iliyotoka Afrika Kusini, risiti ya ununuzi wa Corolla na picha za kazi ilivyofanyika. Waelezeni ukweli wote, mpate jibu la maandishi kuhusu namna gari linavyoweza kusajiliwa kwa jinsi lilivyo. Kama nyaraka za forodha hazipo, ulizeni pia ni kodi gani zitadaiwa, kwa maana fremu iliyoingia nchini bila kulipiwa ni deni linalomfuata mwenye gari. Muuzaji akikuambia kwamba utabadilisha mwenyewe ukishafika Mbeya, panda basi urudi nyumbani.

Tuchukulie kwamba karatasi zimenyooka. Hapo ndipo gari lenyewe linapostahili muda wako, na ni vizuri ukajua asili yake. Seven ya kwanza ilitoka mwaka 1957 katika kampuni ya Lotus ya Uingereza, iliyoasisiwa na Colin Chapman, na wengi walinunua vipande wakaviunga wenyewe kwa sababu gari kamili lilitozwa kodi ambayo vipande havikutozwa. Mwaka 1973 Lotus iliuza haki za muundo huo kwa Caterham, ambayo bado inaliunda, na viwanda vingine vimeliiga, kikiwemo Birkin cha Afrika Kusini, ambacho baadhi ya magari yake yalifungwa injini hiyo hiyo ya 4A-GE. Tunayasema haya ili uelewe kwamba jina la kiwanda halikuhakikishii kitu. Magari mawili yaliyotoka kwenye makasha yanayofanana yanaweza kuwa moja salama na jingine la hatari, ikitegemea nani alishika spana na nani alichomelea. Unanunua mkono wa fundi yule ambaye humjui, na ndiyo maana picha za kazi na risiti za vipande zina thamani kuliko rangi inayong'aa.

Fremu ya Seven ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa na kufunikwa kwa mabati ya aluminiamu. Lipandishe gari kwenye stendi, siyo jeki peke yake, uingie chini na tochi na brashi ya waya. Anzia pale mikono ya sospensheni inaposhika fremu, upande wa mbele na wa nyuma. Kichomeo kizuri, yaani mshono wa kuchomelea, kina mawimbi madogo yanayolingana na kimezama kwenye vyuma vyote viwili. Kibaya kimekaa juu kama matone ya nta, na pembeni yake mara nyingi utaona ufa mwembamba wa rangi wenye kutu ya kahawia. Ufa wa namna hiyo usikubali uambiwe ni rangi tu. Ukwangue. Kisha pita na kidole pale aluminiamu inapogusana na chuma, hasa chini ya miguu ya dereva, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na maji hulana taratibu, na unga mweupe unaotoka kwenye ripiti ni dalili kwamba kazi hiyo imeshaanza. Tazama pia kila bolti ya sospensheni na stelingi: uzi wa bolti uwe umetokeza nje ya nati, na nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Fundi aliyejua kazi yake huacha alama ya rangi kwenye kila nati aliyokwisha kuikaza. Ukiziona alama hizo, hata kama zimefifia, una haki ya kumfikiria vizuri mtu huyo.

Breki ni jambo la pili ambalo hatukuruhusu ulipitie haraka. Breki za Corolla zilipimwa kwa ajili ya gari zito lenye mgawanyo wake wa uzito; zikihamishiwa kwenye gari jepesi bila kurekebishwa, magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kabla ya yale ya mbele, na gari likazunguka ghafla. Mwombe fundi unayemwamini alijaribu mahali pakavu na peupe, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, huku mtu mwingine akitazama kutoka pembeni ni magurudumu yapi yanayoganda kwanza. Yanapaswa kuwa ya mbele. Baada ya hapo literemsheni kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo na kulipandisha tena. Mteremko ule utakuonyesha kama pedali inazama breki zikipata moto, na mpando wake utakuonyesha kama rejeta inatosha.

Kuhusu injini tuna wasiwasi mdogo. 4A-GE ni injini ya ujazo wa cc 1,587 na valvu 16, ya ukoo mmoja na 4A-FE na 5A-FE ambazo mafundi wa Mbeya wanazijua kwa kuzipapasa, ingawa silinda hedi yake ni tofauti na usitegemee kwamba kila spea itaingiliana. Penye ugumu ni gia boksi: gari lako linasukumwa kwa magurudumu ya nyuma, wakati Corolla zilizojaa mjini huvutwa kwa mbele, hivyo gia boksi zake hazitakufaa. Sikiliza kama inalia ikiwa gia ya pili au ya tatu, maana kupata nyingine itakuwa safari.

Uliza pia kama fundi aliacha mfumo wa mafuta unaoendeshwa kwa umeme au aliuondoa na kuweka kabureta. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza huko kama asilimia 15 hadi 18 ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa. Mfumo wa umeme hujirekebisha kwa kiasi, lakini kabureta iliyosetiwa Pwani itamimina mafuta mengi kupita hewa iliyopo: plagi zitakuwa na masizi, moshi utakuwa mweusi, na petroli itakwisha upesi. Dawa ni kubadilisha jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta, wala si ghali. Hakikisha pia kwamba mfuniko wa rejeta unashika presha na themostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, haijatolewa, maana katika mwinuko huo maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na mafundi wetu wana mazoea ya kutoa themostati kana kwamba kiwanda kiliiweka kwa makosa.

Viti, rangi na usukani wa mbao ni mapambo. Usivijadili kwenye bei. Ila jaribu kukaa ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, kwa sababu nafasi ya pedali ni finyu kiasi kwamba buti la shambani hukanyaga mbili kwa pamoja.

Ama barabara, gari hili litakupa raha kama utalichagulia siku na njia. Lami ya Uyole kwenda Tukuyu asubuhi ya kiangazi, au ile ya kupanda kwenda Chunya, ni mahali pake hasa. Barabara kuu ya Tunduma si mahali pake: gari lenye kimo cha mita moja hivi halionekani kwenye kioo cha dereva wa semitrela, na tumbo lake lililo karibu na ardhi litakwangua tuta moja baada ya jingine. Kwa sababu hiyo hiyo, ukilinunua, lipakie kwenye lori kutoka Iringa hadi Mbeya badala ya kuliendesha zaidi ya kilomita 300 kabla hujalijua. Masika ya Rungwe nayo hayana huruma na gari lisilo na paa. Miezi hiyo liache ndani, betri ikiwa imechomolewa.

Kwa bei ya milioni 16, kadi ikisahihishwa na fremu ikiwa nzima, tungejadiliana kidogo na kununua. Kadi ikibaki ya Corolla, hata kwa nusu ya bei hiyo tusingelinunua.

SWALI: Ninalo gari la spoti lenye bodi ya fibaglasi. Taa za nyuma hufifia nikiwasha indiketa, na kwenye bodi kuna nyufa ndogo zilizotawanyika kama nyota. Je, bodi imekufa?
Msomaji, Makambako

JIBU: Bodi haijafa. Fibaglasi haipitishi umeme kama bati, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa athi unaorudi kwenye fremu. Taa zako zinagombania athi moja iliyolegea au iliyoshika kutu, nawe ukipitisha waya mpya kutoka kila taa hadi kwenye chuma safi, tatizo litakwisha. Nyufa za nyota mara nyingi zipo kwenye tabaka la juu tu na hutokana na kugongwa kwa ndani, kwa mfano jiwe lililorushwa na tairi. Gusa upande wa ndani mahali hapo: pakiwa pagumu, fundi wa fibaglasi ataukwangua ufa, ataujaza na kupaka rangi, pakibonyea, aongeze kwanza tabaka jipya kwa ndani.

SWALI: Badala ya kununua gari lililokwisha kuundwa, je, niagize seti mpya ya vipande niunde mwenyewe hapa Njombe?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ikiwa unapenda kazi ya gereji kuliko kuendesha, ndiyo, lakini usiagize hata kasha moja kabla TRA na Shirika la Viwango, TBS, hawajakujibu kwa maandishi vipande hivyo vitatozwa kodi kama nini na gari litakalotoka humo litakaguliwa na kusajiliwa vipi. Piga hesabu ya VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha juu ya bei na nauli ya meli, si juu ya bei ya dukani peke yake. Kisha tunza kila risiti na upige picha kila hatua, kwa kuwa atakayelinunua kwako siku moja atataka kuziona.