Jibu: "always-on" maana yake nini, na limetoka wapi?
Mkuu, hilo "always-on" uliloliona kwenye tangazo la intaneti ni kivumishi cha maneno mawili: kitu kilichounganishwa muda wote, huhitaji kukiwasha kwanza. Lilivuma Marekani na Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti, ilikuwa inapiga simu kabisa, kwa makelele yake yale, kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde, na laini ya nyumbani inashikiliwa. Mama akitaka kuongea na shangazi, sharti utoke mtandaoni. ADSL, teknolojia ya intaneti ya kasi kwenye laini ya simu, ikaja kupitisha data kwenye masafa ya juu kuliko sauti, waya uleule wa shaba, simu na intaneti zikaenda pamoja. Kampuni zikapata neno la kuuzia! GPRS, njia ya awali ya intaneti kwenye simu za mkononi, nayo ikanadiwa hivyohivyo: unalipia data, si dakika.

Siku hizi limehamia kazini, na huko si sifa tena. Ni yule bosi anayetuma ujumbe saa tano usiku akitegemea jibu. Ufaransa ina sheria ya haki ya kujitenga na mtandao baada ya kazi, tangu Januari 2017.

Ukiliandika, kistari (-) kiweke likitangulia nomino tu.