Msimu umekwisha: kupumzika au kuendelea?

Ndugu yangu, umesema una miaka 58, unakimbia mita 400, na unajiuliza kama upumzike kabisa mpaka msimu ujao. Pumzika, lakini wiki mbili au tatu tu, na hata hizo utembee kila siku. Umri wetu huu, mwili ukiuacha miezi mitatu haurudi kirahisi kama ulipokuwa kijana.

Baada ya hapo, kazi kubwa iwe nguvu. Misuli inayopungua zaidi kadiri tunavyozeeka ni ile ya kasi, na kukimbia polepole kilomita nyingi hakuilindi. Nyanyua vyuma mara mbili kwa wiki. Chuchumaa na uzito ambao mara ya nane unaona kazi kweli, lakini mgongo bado umenyooka.

Halafu kano ya kisigino, tafadhali. Mimi niliipuuza nikakosa msimu mzima, na bado inaniuma moyoni. Simama ukingoni mwa ngazi, visigino vikining'inia. Jiinue kwa miguu yote miwili, kisha shuka kwa mguu mmoja, taratibu, ukihesabu moja mpaka tatu. Mara 15, seti tatu, kila mguu.

Kasi usiiache kabisa: mara moja kwa wiki, kwenye nyasi, mita 60 mara nne, bila kumaliza nguvu zote. Kazi ngumu nyingine isubiri angalau saa 48. Ukiamka bado mzito, ongeza siku.

Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha papo hapo ukamwone daktari.